Habari za maisha na desturi kutoka Afrika ya Mashariki ya Kijerumani

Habari za maisha na desturi kutoka Afrika ya Mashariki ya Kijerumani ni maandishi ya Kiswahili yaliyoandikwa au kusimuliwa na wenyeji wa koloni hilo na wa Zanzibar, hasa kati ya mwaka 1890 na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Ndani yake mna habari za maisha ya watu binafsi, masimulizi ya safari, maelezo ya mila, historia za miji ya pwani na tenzi za vita. Sehemu kubwa ya nathari hiyo ilichapishwa Ujerumani, ikatumika kuwafundisha Kiswahili maofisa waliokuwa wakijiandaa kwenda koloni.

Maandishi hayo ni miongoni mwa nathari ndefu za mwanzo za Kiswahili zilizopigwa chapa. Yana thamani kwa wanahistoria, wanaisimu na watu wa pwani wenyewe, lakini yana ugumu wake. Mengi yaliandikwa kwa ombi la watawala, na wahariri wake walikuwa Wajerumani. Hata hivyo waandishi walikuwa watu wenye elimu na makusudi yao, nao hawakusema tu yale ambayo mabwana wa koloni walitaka kusikia.

Koloni na lugha yake

Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari Wilhelm I aliipa kampuni ya Karl Peters hati ya ulinzi juu ya maeneo ya bara. Mwaka 1888 kampuni hiyo ilipoanza kutawala forodha za pwani iliyokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, watu wa Pangani, Bagamoyo na miji mingine waliinuka. Viongozi wao mashuhuri walikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi na Bwana Heri wa Saadani. Ujerumani ilimtuma Hermann von Wissmann pamoja na askari wa kukodiwa, na Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Mwaka uliofuata Ujerumani ilimlipa Sultani Mark milioni 4 kwa ajili ya pwani hiyo, na kuanzia tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Ujerumani ilitawala moja kwa moja. Makao makuu yalihamishwa kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam. Koloni lilijumuisha Tanzania bara ya leo, Rwanda na Burundi.

Wajerumani walikuta Kiswahili kikitumika katika njia za misafara kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika na ng'ambo yake. Badala ya kuanza kufundisha Kijerumani kila mahali, walikitumia Kiswahili katika utawala. Maakida na majumbe walipelekewa barua za Kiswahili, mwanzoni kwa herufi za Kiarabu, baadaye zaidi na zaidi kwa herufi za Kilatini. Shule ya serikali iliyoanzishwa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilitoa makarani na walimu waliojua herufi hizo mpya. Hadi leo Kiswahili kina maneno ya wakati huo: "shule" limetoka katika Kijerumani, na "hela" ni jina la sarafu ndogo ya koloni iliyoitwa Heller.

Kwa hiyo afisa wa Kijerumani alihitaji kujua Kiswahili, tena Kiswahili cha watu wenyewe wanavyokisema na kukiandika. Haja hiyo ndiyo iliyozaa vitabu vinavyoelezwa hapa.

Chuo cha Berlin na wahariri

Mwaka 1887 ilifunguliwa mjini Berlin taasisi ya kufundisha lugha za Mashariki, iliyojulikana kama Seminar für Orientalische Sprachen. Mwalimu wa kwanza wa Kiswahili alikuwa Carl Büttner, aliyewahi kuwa mmisionari kusini mwa Afrika. Alikusanya barua na masimulizi ya Kiswahili, akatoa kitabu cha maandishi ya herufi za Kiarabu mwaka 1892 na mkusanyo wa fasihi ya Kiswahili uliotoka mwaka 1894, baada ya kifo chake. Kila mwalimu Mjerumani alikuwa na msaidizi mzawa wa lugha. Mmojawao alikuwa Amur bin Nasur el-Omeiri kutoka Zanzibar, aliyeandika habari za maisha yake na za mji wa Berlin.

Mhariri aliyeacha kazi nyingi zaidi ni Carl Velten. Alikuwa mkalimani wa gavana katika koloni, kisha akawa mwalimu Berlin. Alitoa vitabu vitatu vikubwa:

- Safari za Wasuaheli (1901), masimulizi ya safari za watu mbalimbali;
- Desturi za Wasuaheli (1903), maelezo ya mila na sheria za watu wa pwani;
- Prosa und Poesie der Suaheli (1907), chenye historia za miji, hadithi, mafumbo na mashairi.

Kila kimoja katika viwili vya kwanza kilitolewa pia kwa Kijerumani katika chapa ya peke yake. Juu ya jalada liliandikwa jina la Velten. Majina ya wenyeji waliotunga maandishi yenyewe yalitajwa ndani, au hayakutajwa kabisa.

Masimulizi ya safari

Kitabu cha mwaka 1901 kinaonyesha aina mbili za safari. Aina ya kwanza ni safari ya bara, ambayo ilikuwa sehemu ya maisha ya watu wa Mrima kabla ya Wajerumani. Sleman bin Mwenye Chande alisimulia safari yake ya biashara kwenda bara, na Mtoro bin Mwinyi Bakari alieleza safari ya Udoe hadi Uzigua. Katika masimulizi ya aina hii msomaji hukutana na mambo ya msafara: wapagazi, bidhaa, njaa, maradhi, na mazungumzo marefu na watawala wa njiani. Bara linaonekana kwa macho ya mtu wa pwani, mwenye fahari ya Uislamu na ustaarabu wake, ambaye mara nyingi anawatazama watu wa bara kwa mbali. Dharau hiyo nayo ni habari ya kihistoria, kwa maana inaonyesha tofauti za hadhi zilizokuwapo kabla ya ukoloni na zilizoendelea ndani yake.

Aina ya pili ni safari ya Ulaya na Asia. Selim bin Abakari, Mngazija aliyekuwa mtumishi wa Mjerumani Theodor Bumiller, alifuatana naye mwaka 1896 hadi Urusi na Siberia. Masimulizi yake ni ya pekee katika fasihi ya Kiswahili ya wakati huo. Wasafiri wa Ulaya walikuwa wameijaza dunia vitabu juu ya Waafrika. Hapa Mwafrika ndiye anayewaeleza watu wa nchi za baridi kwa kipimo cha mambo anayoyajua yeye na wasomaji wa kwao.

Karibu na maandishi haya huwekwa Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara maarufu wa pembe za ndovu na watumwa. Aliyaandika Zanzibar kwa herufi za Kiarabu kwa ombi la Mjerumani Heinrich Brode, ambaye aliyachapisha katika jarida la taasisi ya Berlin mwaka 1902 na 1903. Kitabu hicho kinaihusu pia Kongo. Tippu Tip alitawala biashara ya Manyema, na mwaka 1887 alifanywa liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold II. Alifariki Zanzibar mwaka 1905.

Mtoro bin Mwinyi Bakari

Maisha ya Mtoro bin Mwinyi Bakari yanaonyesha vizuri kuliko mengine hali ya waandishi hawa. Alizaliwa karibu mwaka 1869 huko Dunda, karibu na Bagamoyo, katika familia yenye asili ya Uzaramo. Alisoma elimu ya dini, akafanya kazi ya kukusanya kodi chini ya serikali ya Kijerumani, na mwaka 1900 akaenda Berlin kufundisha Kiswahili pamoja na Velten.

Yeye ndiye mwandishi mkuu wa Desturi za Wasuaheli. Kitabu hicho kinamfuata mtu tangu kuzaliwa hadi kuzikwa: malezi ya mtoto, chuo cha Kurani, jando na unyago, posa na harusi, ngoma, magonjwa na uganga, pepo, kilimo, madeni, cheo cha jumbe, hukumu, matanga na urithi. Maelezo yake ni ya mtu wa ndani. Hasemi tu kwamba kuna ngoma fulani. Anaeleza nani huicheza, hulipwa nini, na nani huona haya kuonekana pale.

Sehemu inayohusu watumwa ni ya lazima kwa mwanafunzi wa historia ya pwani. Mtoro anawatofautisha wazalia, waliozaliwa katika nyumba za mabwana zao na kuzifahamu desturi za pwani, na watumwa wajinga, walioletwa karibuni kutoka bara. Anaeleza kazi zao, mavazi yao na njia ambazo mtu aliweza kupata uhuru. Mambo hayo hayakuwa ya kale wakati kitabu kinatoka. Serikali ya Kijerumani haikufuta utumwa moja kwa moja. Ilitangaza tu kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Bertha Hilske, mwanamke Mjerumani. Uhusiano wake na taasisi ulikwisha haribika, kwa kuwa alilalamikia utovu wa heshima wa wanafunzi ambao hawakukubali kufundishwa na mtu mweusi. Mwaka 1905 aliacha kazi, akaabiri meli na mke wake ili warudi Bagamoyo. Serikali ya koloni haikuwaruhusu kukaa nchini pamoja, nao wakalazimika kurudi Ujerumani. Ndoa ya Mwafrika na mwanamke mzungu ilionekana kuwa hatari kwa heshima ya utawala. Mwaka huohuo serikali ya koloni la Afrika ya Kusini-Magharibi ilipiga marufuku ndoa za watu weupe na weusi.

Mtu aliyewafundisha Wajerumani desturi za nchi yake alifungiwa hivyo mlango wa nchi hiyo. Baadaye alifundisha Hamburg, akatoa mihadhara katika miji ya Ujerumani, na alifariki mwaka 1927. Vitabu vilivyochapwa kutokana na kazi yake viliendelea kusomwa na maofisa waliokuwa wakienda pwani ambako yeye hakupewa nafasi ya kurudi na mke wake.

Tenzi na historia za miji

Si kila maandishi ya wakati huo yaliombwa na Wajerumani. Utenzi ulikuwa chombo cha zamani cha kuhifadhi habari kubwa, na washairi walikitumia kueleza uvamizi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mwanachuoni wa pwani ya Tanga, alitunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, juu ya mapambano ya miaka ya 1888 na 1889. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, juu ya vita vilivyoanza mwaka 1905 katika Milima ya Matumbi na kuenea kusini mwa koloni hadi mwaka 1907. Tenzi hizo zilitolewa na wataalamu wa Kiswahili katika miaka ya 1950: ule wa Hemedi na J. W. T. Allen, na ule wa Abdul Karim na W. H. Whiteley.

Wapo pia washairi waliowasifu watawala. Mashairi ya aina hiyo yamo katika kitabu cha Velten cha mwaka 1907. Baadhi ya wasomaji wa baadaye waliyaona kuwa ni ya aibu, lakini kumsifu mwenye nguvu ilikuwa desturi ya ushairi wa pwani kabla ya Wajerumani, na sifa huweza kubeba ombi, karipio au kejeli ndani yake. Mkusanyo mkubwa wa mashairi hayo pamoja na uchambuzi wake ulitolewa mwaka 2002 kwa jina Kala Shairi.

Kitabu hicho cha 1907 kina pia historia za Kilwa, Lindi, Sudi, Dar es Salaam na miji mingine, kama zilivyosimuliwa na wazee. Nyingi zinaeleza nani alifika kwanza, nani alitoa kitambaa au mali ili apewe mahali, na ukoo gani ulipata haki ya ujumbe. Habari hizo zilikuwa na kazi wakati zinaandikwa. Serikali mpya ilikuwa ikichagua majumbe na maakida, na kila ukoo ulitaka haki yake ijulikane.

Magazeti

Kuanzia mwaka 1904 gazeti la Kiongozi lilichapishwa katika shule ya serikali ya Tanga. Misheni nazo zilikuwa na magazeti yao, kama Pwani na Bara la Walutheri lililoanza mwaka 1910. Walimu na makarani kutoka wilaya mbalimbali walituma barua za mvua, mavuno, vifo, sherehe na safari. Magazeti hayo yalikuwa chini ya uangalizi wa Wajerumani na hayakuwa mahali pa kuupinga utawala. Lakini yalimzoesha mwalimu wa Tabora kusoma habari za Lindi, na kuwaona wasomaji wasiojuana kuwa watu wa nchi moja.

Sauti zisizosikika

Waandishi waliotajwa hapo juu karibu wote walikuwa wanaume, Waislamu, waungwana wa pwani au watu waliohusiana nao. Wanawake, watumwa na wakulima wa bara wamo katika maandishi hayo kama watu wanaoelezwa na wengine.

Vyanzo vichache vinapunguza pengo hilo. Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Moravian kusini-magharibi mwa koloni, aliandika masimulizi ya maisha ya wanawake kama Narwimba na Chisi, waliopitia vita na kutekwa kabla ya kufika misheni. Mwanahistoria Marcia Wright aliyachambua katika kitabu chake cha mwaka 1993. Katika kitabu kilichohaririwa na Margery Perham mwaka 1936 yamo maisha ya Rashid bin Hassani, Mbisa aliyetekwa akiwa mtoto na kufikishwa Zanzibar kama mtumwa, pamoja na maisha ya Martin Kayamba, Mbondei aliyefungwa na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya uhuru, walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini mwaka 1968 na 1969 kukusanya kumbukumbu za wazee juu ya Maji Maji.

Wengine hawakuacha maandishi yao wenyewe. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akatumika jeshini upande wa Wajerumani akiwa bado mtoto. Alifika Berlin mwaka 1929, akadai bila kufanikiwa mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Alifanya kazi ya kuhudumu hotelini, akaigiza katika filamu na kusaidia kufundisha Kiswahili. Chini ya utawala wa Nazi alifungwa katika kambi ya Sachsenhausen, akafariki humo mwaka 1944. Maisha yake yanajulikana kutokana na majalada ya serikali, yaani maandishi ya watu waliomkatalia haki yake.

Namna ya kuyasoma

Mwanafunzi anayetumia maandishi haya hufaidika akijiuliza maswali matatu.

Kwanza, nani aliomba habari hii iandikwe? Maelezo ya desturi yalimsaidia afisa kuhukumu kesi na kutoza kodi. Mwandishi alilijua jambo hilo, na huenda alichagua la kusema na la kuacha.

Pili, habari imepitia mikono ya nani? Maandishi mengi yalihamishwa kutoka herufi za Kiarabu kwenda za Kilatini, na mhariri alipanga sura na vichwa vyake. Tahajia kama "Wasuaheli", "barra" na "hatta" ni ya wahariri wa wakati huo. Si ushahidi wa matamshi ya mwandishi.

Tatu, nani anazungumza kwa niaba ya nani? Muungwana anapoeleza maisha ya mtumwa, anayajua mengi, lakini hayajui kama mtumwa mwenyewe. Neno "desturi" nalo huweza kumfanya msomaji adhani kwamba watu wote wa pwani waliishi hivyo siku zote, hali mwandishi alieleza hasa Bagamoyo na Mrima wa siku zake.

Urithi

Lyndon Harries alichapisha tena sehemu za maandishi ya Velten mwaka 1965, na tafsiri ya Kiingereza ya Desturi za Wasuaheli iliyofanywa na J. W. T. Allen ilitoka mwaka 1981. Maisha ya Tippu Tip yalihaririwa upya na Whiteley na kusomwa sana Afrika Mashariki. Mwaka 2009 Ludger Wimmelbücker alitoa kitabu juu ya maisha ya Mtoro, kilichochapishwa pia Dar es Salaam.

Kumbukumbu za koloni hilo bado ni suala lililo hai. Fuvu linalotajwa kuwa la Mtwa Mkwawa wa Uhehe, aliyejiua mwaka 1898, lilirudishwa Kalenga mwaka 1954. Mabaki ya watu wengine yamebaki katika makumbusho ya Ujerumani, na familia zao huko Songea, Kilimanjaro na kwingineko zinayatafuta. Mwezi Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, mahali ambapo viongozi wa Wangoni walinyongwa mwezi Februari 1906, akaomba msamaha. Katika mazungumzo hayo, masimulizi ya familia na maandishi ya Kiswahili ya wakati ule yanawapa Watanzania njia ya kuizungumzia historia hiyo bila kutegemea majalada ya watawala peke yake.

Tazama pia

- Afrika ya Mashariki ya Kijerumani
- Abushiri bin Salim
- Bagamoyo
- Tippu Tip
- Vita vya Maji Maji
- Utenzi